Jumanne ya Mke na Jumanne ya Mume

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuwauliza watu waliooana siku yao ilikuwaje. Nilikuwa nimesomea takwimu kwa miaka minne, kisha nikazunguka Nairobi na bahasha ya vyeti karibu miaka miwili, nikiambiwa kila mahali kwamba nitapigiwa simu. Aliyenipigia hatimaye alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye hakupoteza muda kwa salamu. Aliniuliza tu, "Unajua kutembea?"

Nikasema najua.

"Basi njoo Jumatatu. Hesabu tutafundishana."

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa huko Buruburu. Alikuwa daktari, lakini daktari wa takwimu, jambo ambalo majirani hawakulikubali kamwe. Kila wiki mtu alipanda ngazi kumwonyesha goti. Yeye alilitazama goti lile kwa heshima, akasema pole, kisha akamwelekeza mwenyewe chini kwa muuza dawa. Mimi nami nikaanza kuitwa daktari wiki ya kwanza tu, kwa sababu nilibeba mashine ya kupima presha kwenye mkoba. Vijana wa kwenye mageti ya mitaa walinisalimu "niaje daktari" hadi nikachoka kuwasahihisha.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Tulitafuta wazee, mume na mke, walioishi pamoja miaka mingi katika mitaa ya huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Kila mmoja alipewa daftari lake, nasi tukawaomba waandike kila siku mambo matatu: tarehe, saa, na alama ya siku yao kuanzia moja hadi kumi. Baada ya wiki kadhaa wangeanza kutembea pamoja nusu saa kwa siku. Tulitaka kujua kama matembezi yangefanya siku zao ziwe nzuri zaidi, na pia jambo ambalo mkuu wangu alilipenda kuliko yote: kama siku ya mmoja inaigusa siku ya mwenzake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzunguka kila wiki mbili, kupima presha, kupiga picha kurasa za madaftari, na kurudi kuziingiza kwenye kompyuta.

Katika jozi zetu zote, niliyoipenda zaidi ilikuwa ya Makongeni. Mzee alikuwa karani wa reli mstaafu, mtu wa Ukambani, mrefu na mkavu, ambaye tangu astaafu alikuwa akichonga vijiko vya mbao barazani. Mke wake alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya stima, ya kutumia umeme, ilikaa karibu na dirisha la mbele, na mwaka mzima alikuwa akishona sare za shule, kwa hiyo sebule yao ilikuwa imejaa sketi za buluu zisizo na mikanda na kaptura zisizo na zipu. Walikuwa wakizungumza muda wote bila kutazamana, yeye akiwa kwenye cherehani, mzee akiwa nje, dirisha likiwa katikati.

Siku nilipowaletea madaftari, mama alilipokea lake kwa mikono miwili.

"Unataka kujua siku yangu ilikuwaje," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akageukia dirishani. "Mzee, umesikia? Serikali inataka kujua."

"Si serikali, mama, ni utafiti," nikasema.

"Hata kama," mzee akajibu kutoka nje. "Mtu amekuja kuuliza. Mwandikie."

Mama aliliweka daftari lake kwenye droo ya cherehani, chini ya mabunda ya uzi. Mzee aliliweka lake ndani ya sanduku la bati alimotunza patasi zake. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Kila nilipofika, mzee alinitolea daftari lililoandikwa kwa mwandiko wa ofisini, saa zikiwa kamili hadi dakika: saa moja na dakika kumi jioni, saa moja na dakika kumi na mbili jioni. Miaka ya reli ilikuwa imeingia mkononi mwake. Mama yeye safu ya saa aliandika neno moja tu, asubuhi, na chini yake alama za "kama juu" hadi mwisho wa ukurasa. Niliona hayo yote, nikapiga picha, nikanywa chai, nikaenda.

Tulikuwa tumeanza mwezi wa tisa. Mwisho wa Januari mkuu wangu akaniambia nijaribu kuona data inasema nini, kwa sababu baada ya wiki tatu angetakiwa kuwaeleza wafadhili. Nilifurahi sana. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nimeisomea. Nikapanga kila mtu mistari yake kwa nambari: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho. Kisha nikauweka mstari wa kwanza wa mke kando ya mstari wa kwanza wa mume, wa pili kando ya wa pili, na kuendelea. Nambari ya mstari ndiyo iliyokuwa wakati katika modeli yangu ya hesabu. Tarehe nilikuwa nazo, lakini zilikuwa za kuchosha. Zilikuwa na mapengo, nyingine zimeandikwa kwa herufi, nyingine zimefutwa kwa kidole kilicholowa. Nambari za mistari zilikuwa safi.

Majibu yakatoka siku mbili baadaye, na yalikuwa mawili. La kwanza lilitusikitisha: siku za watu zilikuwa zikishuka. Kadiri mistari ilivyoongezeka, ndivyo alama zilivyopungua, kana kwamba matembezi yetu yalikuwa yakiwaharibia wazee maisha. La pili lilimfanya mkuu wangu ainuke kitini. Mume akiwa na siku mbaya leo, mke alikuwa na siku mbaya kesho. Kinyume chake hakikuonekana. Mkuu alichukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa ofisi: WAUME WANATANGULIA.

"Hili," akasema, "watu watalizungumzia."

Nami nikajiona kama nimeshafika.

Tulikuwa tumewaahidi wazee kwamba yeyote atakayetaka kuona mchoro wa siku zake ataonyeshwa, mradi wote wawili wakubali. Wa Makongeni walikuwa wa kwanza kukubali. Kwa hiyo Jumamosi hiyo asubuhi nilikwenda na karatasi moja kubwa, mstari mwekundu wa mama na wa buluu wa mzee, yote miwili ikipanda na kushuka kutoka upande mmoja wa karatasi hadi wa pili. Mzee aliingia ndani akakaa, kitu ambacho hakuwa akifanya mara nyingi mchana. Mama alizima cherehani, akavaa miwani, akaanza kupitisha kidole juu ya karatasi kama anayetafuta mshono uliofumuka.

Kidole kikasimama. "Hapa ni lini? Mimi nina tatu, na mzee ana tisa."

"Ni siku ya thelathini," nikasema.

"Siku ya thelathini ilikuwa lini?"

Sikujua. Mama akafungua droo, akatoa daftari, akahesabu mistari kwa kidole hadi wa thelathini, akasoma tarehe. Uso wake ukafunguka.

"Huu ndio mstari wa siku niliyorudi kutoka Machakos," akasema. Alikuwa amekwenda kwa binti yake aliyejifungua, akakaa wiki tatu, na daftari akalisahau nyumbani. "Nilifika nimechoka, basi lilituharibikia njiani. Ndiyo maana nina tatu." Kisha akamtazama mume wake juu ya miwani. "Kumbe nawe ulifurahi hivyo niliporudi. Tisa. Hukuniambia."

Mzee angeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini alikuwa ametumia maisha yake yote kuandika treni gani imefika saa ngapi, na akaenda barazani akalileta daftari lake. Akahesabu. Akakohoa.

"Mstari wangu wa thelathini si siku uliyorudi," akasema.

"Ni siku gani?"

"Ni kesho yake ulipoondoka."

Nilitazama kikombe changu.

"Tisa," mama akasema.

"Nililala mchana," mzee akasema. "Hakukuwa na cherehani. Mama, mtu akiulizwa lazima aseme kweli."

"Soma zinazofuata."

Akasoma kama anayesoma orodha ya mabehewa. "Tisa. Nane. Nane. Saba. Sita. Tano. Tano. Nne. Nne. Nne. Tatu. Nne."

"Na hizo nne ni za nini?"

Mzee alilifunga daftari, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. "Ulikuwa umesema utakaa wiki moja," akasema.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha sketi, akaivaa tena, akaenda jikoni. Tulisikia sufuria. Aliporudi alikuwa na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaiweka mbele ya mzee kwanza, kisha akaleta yangu.

Wao walikuwa wanakula, lakini mimi nilikuwa nimeweka kijiko chini. Nilikuwa nimeelewa nilichofanya. Mama aliporudi kutoka Machakos aliendelea kuandika pale alipoachia, kwa hiyo mstari wake wa thelathini ulikuwa wiki tatu mbele ya mstari wa thelathini wa mume wake. Tangu hapo hadi mwisho nilikuwa nimeifunga siku yake na siku ya mzee ambayo ilikuwa imeshapita zamani. Na hawa walikuwa jozi moja tu. Wangapi walikuwa wamesafiri, wameugua, wamesahau?

"Umeacha kula," mama akaniambia.

Nikawaeleza. Nilidhani wangekasirika, lakini mama alionekana kupendezwa, kama fundi anayesikia kosa la fundi mwingine.

"Basi kuna lingine," akasema. "Huyu anaandika jioni akishaoga. Mimi jioni sina mikono. Naandika asubuhi kabla sijawasha cherehani."

"Asubuhi unaandika siku gani?" nikauliza, nikiogopa jibu.

"Jana. Leo nitaiandikaje na haijakuwa?"

"Na tarehe unaandika ya jana?"

"Tarehe naandika ya leo. Si ndiyo siku ninayoandika?"

Kwa hiyo Jumanne ya mzee ilikuwa Jumanne, na Jumanne ya mama iliandikwa Jumatano. Wakigombana Jumanne, mzee alionekana ameumia Jumanne na mama ameumia Jumatano. Hakukuwa na aliyemtangulia mwenzake. Walikuwa wameumia pamoja, ila mmoja aliandika baada ya kulala na kuamka.

Nikawaambia tulichokuwa tumekiandika ubaoni, kwamba waume wanatangulia. Mama alikuwa tayari ameshika pini mbili mdomoni kurudi kazini. Ilibidi azitoe kwanza ndipo acheke. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Huyu?" akasema. "Anitangulie mimi?"

Mzee naye alikuwa anatabasamu akiangalia sahani.

Nilitembea kutoka Makongeni hadi Buruburu kwa miguu, kando ya Jogoo Road, ingawa nauli nilikuwa nayo. Nilitaka njia iwe ndefu. Niliwaza kwamba ningeweza kurekebisha kimya kimya na kusema kompyuta ilikuwa imekosea. Nilipanda ngazi nikiwa bado sijaamua. Mkuu wangu alikuwa peke yake, miguu juu ya kiti, akichora picha za kuwaonyesha wafadhili, na nilipoona jinsi alivyokuwa amezipaka rangi vizuri, maneno yakatoka yenyewe.

"Nimewaunganisha kwa nambari za mistari," nikasema. "Si kwa tarehe."

Alishusha miguu. "Tarehe zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Kwa nini hukuzitumia?"

"Zilikuwa na mapengo."

"Watu wana mapengo," akasema. Hakupandisha sauti. Nikamweleza na habari ya asubuhi na jioni. Alisikiliza, akaniuliza maswali mawili ya kuhakikisha, nami nikaanza kuhesabu kazi nilizokuwa nimekataliwa kabla ya hii. Hatimaye akainuka, akawasha birika.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kukagua," akasema. "Nilipenda jibu, nikaacha kuuliza. Weka sukari kwenye chai, una uso kama wa mgonjwa. Jumatatu tunaanza upya."

Aliwapigia wafadhili akaomba muda zaidi. Nasi tukaingia kazini. Niliingiza kila mstari upya kwa tarehe yake, na pengo nikaliacha likiwa pengo. Kisha nikazunguka nyumba zote, Makongeni, Buruburu, hadi nyumba mbili tulizokuwa nazo Pumwani, nikiwauliza swali moja: ulipoandika, ulikuwa unaandika siku gani? Wake wengi walikuwa waandishi wa asubuhi. Mzee mmoja wa Pumwani aliniambia yeye huandika Ijumaa mchana kwa wiki nzima, kwa mkupuo, kwa sababu hapo ndipo akili hutulia. Nilimshukuru kwa kusema kweli, na data yake tukaiweka kando.

Jioni moja mkuu alifuta kona ya ubao akaniuliza, "Sifuri yako iko wapi?"

Sikuelewa.

"Umeanza kuhesabu siku kutoka wapi?"

"Kutoka siku walipopewa daftari."

"Na matembezi walianza siku gani?"

Hapo nikaona. Tulikuwa tumepanga kila jozi ianze kutembea baada ya wiki nne, lakini mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha kama hazitaki kwisha, na kila nyumba ilianza ilipoweza. Wengine walitoka wiki ya nne, wengine ya tisa wakiwa na mabuti. Kwa kuhesabu kutoka siku ya daftari nilikuwa nimewachanganya waliokwisha kutembea mwezi mzima na ambao hawajavaa viatu. Tukaihamisha sifuri. Kila jozi ikapewa sifuri yake, siku ya kwanza ya kutembea. Siku za kabla zikawa chini ya sifuri, za baada zikawa juu.

"Lakini Januari usiitupe," mkuu akasema. "Kalenda nayo ni saa. Iweke kando ya hiyo nyingine."

Alikuwa sahihi. Tulipoziweka saa zote mbili katika modeli moja, ule mteremko uliotutisha ukahamia wote kwenye kalenda. Januari shule zilikuwa zimefunguliwa, na Eastlands nzima ilikuwa imechoka, walioanza kutembea mapema na waliochelewa. Mama wa Makongeni, sare zikiwa zimemjaa wiki ya kufungua shule, alikuwa amejipa mbili, mbili, moja, mbili. Uchovu wa Januari ukishahesabiwa peke yake, matembezi yalionekana kusaidia. Si sana. Mstari ulipanda kidogo, kama njia ya Makongeni ambayo huwezi kujua inapanda hadi uendeshe baiskeli. Lakini ulipanda.

Na kuhusu nani anamtangulia nani, kubwa kuliko yote lilikuwa kwamba wanakwenda pamoja, siku hiyo hiyo. Baada ya hapo kulibaki kitu kidogo, na kilikuwa kinyume cha ubao wetu: siku ya mke iliigusa kesho ya mume zaidi kuliko ya mume ilivyoigusa kesho ya mke. Mkuu aliyatazama majibu hayo kwa siku mbili. Safari hii alikagua kila kitu mwenyewe. Kisha akachukua kitambaa akafuta yale maandishi makubwa, taratibu, herufi moja moja.

Wafadhili waliyapokea vizuri, ingawa mmoja aliuliza kama hatuna kitu cha kusisimua zaidi. Mkutano niliouogopa mimi ulikuwa wa wazee wenyewe, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi alasiri. Mkuu alinipa mimi nizungumze. Niliwaonyesha michoro ya jumla, bila ya nyumba yoyote, nikawaeleza wazi kwamba mara ya kwanza tulikosea na kosa lilikuwa langu. Wazee walitikisa vichwa kwa upole. Nilipofika kwenye habari ya siku ya mke kuigusa kesho ya mume, wanawake wote wa safu za mbele waligeuka nyuma kwa pamoja kuwatafuta waume zao.

Mzee wa Makongeni alinyoosha mkono, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nimeelewa kwamba siku zangu zinafuata zake," akasema. "Swali langu ni hili: na zake zinafuata nini?"

Nikasema ukweli, kwamba hatujui, hilo hatukulipima.

"Stima," mke wake akasema akiwa amekaa. "Ikiwepo asubuhi, nina saba. Isipokuwepo, msiniulize."

Ukumbi ulicheka, na mkuu wangu akaandika jambo kwenye daftari lake. Mwaka huu tumeanza awamu ya pili, na jozi nyingine. Kurasa mpya zina safu mbili zaidi: moja inauliza unaandika habari za siku gani, na ya pili inauliza kama kulikuwa na stima.

Wale wawili wa Makongeni hawamo kwenye orodha tena, lakini wanaendelea kutembea. Wiki iliyopita nilikutana nao wakitoka kununua vifungo, nikaamua kuwasindikiza. Mama alikuwa mbele, mzee hatua mbili nyuma akiwa amebeba mfuko, wakizungumza bila kutazamana. Walikuwa na mwendo mkali kuliko nilivyotarajia. Karibu na kona ya nyumba yao nilibaki nyuma, nikasimama kufunga kamba ya kiatu, na nilipoinua kichwa walikuwa wamesimama wote wawili wananingoja.